Emile Berliner na Sahani Isiyo na Kosa

Kwa miaka mingi santuri ilikuwa mgeni wa kila jioni katika mabwalo ya askari na katika nyumba za polisi. Baada ya gwaride, baada ya zamu ya lindo, sanduku lilifunguliwa, sahani nyeusi ikawekwa, sindano ikashushwa, na watu waliochoka wakasahau uchovu wao. Sifa ziliwaendea waimbaji, wapiga gitaa na wapiga tarumbeta, na zilistahili kuwaendea. Lakini kati ya koo la mwimbaji na sikio la askari bwaloni palikuwa na kitu kimoja ambacho msikilizaji hakukiona kamwe, nacho ni sahani mama, ile ya kwanza, ambayo sahani zote nyingine ni nakala zake. Leo twataka kusimulia habari za mtu aliyeitengeneza sahani hiyo kabla ya mtu mwingine yeyote, Bwana Emile Berliner.

Yeyote aliyepata kukaa nyuma ya meza ya kituo cha polisi ajua muhuri ni kitu gani. Mchongaji akipinda herufi moja, kila karatasi itakayogongwa muhuri ule itabeba herufi iliyopinda, hata zikiwa karatasi elfu kumi, na hapana awezaye kuzinyoosha moja moja. Kosa la nakala ni kosa la karatasi moja, bali kosa la muhuri ni la karatasi zote. Jambo hili dogo ndilo lililomshughulisha Berliner kwa zaidi ya miaka kumi ya maisha yake, na lilikaribia kumharibia kazi yake.

Alizaliwa tarehe 20 Mei 1851 katika mji wa Hanover, Ujerumani, katika nyumba ya Wayahudi yenye watoto 13. Baba yake alikuwa mfanyabiashara na msomi wa vitabu vya dini. Mali haikuwa nyingi, na Emile aliacha shule mwaka 1865, akiwa na umri wa miaka 14, ili aongeze riziki ya nyumbani. Alitumika katika kiwanda cha uchapaji, kisha akawa karani katika duka la vitambaa, na humo, kwa kuvitazama tu vitambaa vikipita mkononi mwake kila siku, akabuni mashine ya kufumia iliyo bora kuliko zile alizozijua. Hakuna aliyeijali.

Mwaka 1866 ufalme wa Hanover ulitekwa na Prussia, na vijana wa Hanover wakapaswa kuingia jeshini chini ya bendera ya mtekaji. Mwaka 1870, miezi michache kabla ya vita kati ya Prussia na Ufaransa, Emile alipanda meli akaenda Marekani, na waandishi wa maisha yake husema wazi kwamba mojawapo ya sababu zake ilikuwa kulikwepa jeshi hilo. Twajua kwamba baadhi ya wasomaji wetu watakunja uso wakisoma hayo. Hatumtetei wala hatumhukumu; twaandika yaliyokuwa. Ila tukumbuke kwamba jeshi alilolikimbia lilikuwa limeiteka nchi yake miaka minne tu kabla ya hapo.

Huko Washington aliuza nguo dukani kwa rafiki wa jamaa zake kwa miaka mitatu. Baadaye akaenda New York, akafanya vibarua vya kila namna. Mchana aliosha chupa katika maabara ya mkemia mmoja, na usiku alikwenda kusoma katika Taasisi ya Cooper, mahali ambapo maskini aliweza kusoma bila kulipa ada. Huyu hakupata elimu ya chuo kikuu. Alichokuwa nacho ni usiku wake.

Mwaka 1876 alirudi Washington. Mwaka huohuo Alexander Graham Bell alikuwa ameionyesha dunia simu ya kusemea, nayo ilikuwa na sauti hafifu mno. Siku moja Berliner alikitembelea kituo cha simu za zimamoto, na mkuu wa zamu akamweleza kwamba mtuma habari hana budi kukibonyeza kitufe kwa nguvu, kwani vyuma vikigusana kwa mkazo zaidi umeme hupita zaidi. Maneno hayo ya mtu wa zamu yalimtosha. Aliona kwamba sauti ya binadamu ikiweza kusukuma kiwambo, na kiwambo kikaongeza na kupunguza mkazo wa mguso, umeme utapanda na kushuka sawasawa na sauti. Mwaka 1877 akaiombea hati kinasa sauti chake cha simu, na mwaka 1878 kampuni ya Bell ikanunua haki zake na kumwajiri. Kesi juu ya kinasa sauti hicho ilifika hadi Mahakama Kuu ya Marekani, ambayo iliamua mwaka 1897 kwamba hati ilikuwa halali. Hatutakaa sana hapo. Fedha hizo ndizo zilizomwezesha, mwaka 1884, kuacha kazi ya mshahara na kufanya utafiti wake mwenyewe.

Wakati huo Thomas Edison alikuwa amekwisha kuvumbua fonografu, mwaka 1877, na wengine wakaiboresha kwa kutumia silinda za nta. Silinda ilikuwa na ila moja kubwa. Haikuwa rahisi kuizidisha. Mwimbaji aliyetaka kuuza silinda mia alisimama mbele ya pembe kadhaa zilizopangwa pamoja, akaimba, akapumzika, akaimba tena wimbo uleule hadi sauti ikamkauka. Berliner aliiona taabu hiyo akajiuliza swali la mchapaji, na tusisahau kwamba alikuwa amefanya kazi kwa wachapaji utotoni: kwa nini sauti isichapwe kama gazeti, mara moja kwa mkono wa fundi na mara elfu kwa mashine? Hati yake ya gramafoni ilitolewa tarehe 8 Novemba 1887. Tarehe 16 Mei 1888 alikionyesha chombo chake mbele ya wataalamu wa Taasisi ya Franklin huko Philadelphia.

Sasa twaomba msomaji awe na subira kidogo, maana kazi yenyewe ndiyo habari yenyewe.

Katika majaribio ya awali Berliner alipaka masizi juu ya kioo bapa, akaiacha sindano ichore mawimbi ya sauti katika masizi hayo, kisha akayahamisha kwenye chuma kwa njia ya picha, kama wafanyavyo wachapaji wa picha za magazeti. Njia hiyo ilikuwa ndefu, na kila hatua ilikula sehemu ya sauti. Akaiacha. Akachukua bamba la zinki, akalisugua hata likang'aa kama kioo cha kujitazamia. Akayeyusha nta ya nyuki katika benzini, akaimwagia juu ya zinki; benzini ikaruka hewani, ikabaki ngozi ya nta nyembamba mno. Bamba likawekwa juu ya meza izungukayo. Mwimbaji akaimba ndani ya pembe, kiwambo kikatikisika, na sindano iliyoshikamana nacho ikaichana ile nta, ikienda upande huu na upande huu kwa kufuata sauti. Haikulichimba zinki. Iliiondoa nta tu na kuiacha zinki uchi katika mstari mmoja mwembamba, uliojizungusha kutoka ukingoni kuelekea katikati.

Kisha bamba likatumbukizwa katika asidi. Palipokuwa na nta asidi haikuweza kitu. Palipokuwa uchi ikala zinki, na ule mstari ukawa mfuo. Baada ya hapo umeme ulitumiwa kulijaza bamba hilo shaba, na shaba ilipobanduliwa ilikuwa na matuta mahali pa mifuo. Huo ndio muhuri wa sauti. Muhuri uligandamizwa juu ya kitu laini chenye moto, na kila ulipogandamizwa ulizaa santuri.

Yaonekana rahisi ikielezwa. Lakini tazama ni mahali pangapi kosa liliweza kuingia. Unyuzi mmoja wa pamba ukianguka juu ya nta, sindano iliuburuta, na mstari ukapotoka. Kwa hiyo bamba lilimwagiwa spiriti wakati wa kunasa sauti, ili vumbi na mabaki ya nta visishikamane na sindano. Ngozi ya nta ikiwa nene upande mmoja na nyembamba upande mwingine, mfuo ulikuwa na kina upande mmoja na kuparaza tu upande mwingine. Asidi nyingi hutoa mapovu ya gesi, na povu huweza kuinua nta kutoka juu ya zinki. Berliner akachagua asidi ya kromiki, isiyotoa mapovu namna hiyo. Bamba likitolewa katika asidi mapema, mfuo haukuwa na kina cha kuiongoza sindano ya msikilizaji. Likichelewa, asidi ilizila kingo na sauti ikawa kama ya mtu mwenye mafua.

Tena hapakuwa na kurekebisha. Hilo ndilo msomaji wa leo aliyezoea mitambo ya kukata na kuunga sauti apaswa kulishika. Sahani ya kipenyo cha inchi saba ilichukua kiasi cha dakika mbili. Mwimbaji aliyekohoa katika sekunde ya mwisho aliiharibu kazi yote, na bamba likasuguliwa upya. Waliofaulu zaidi mbele ya pembe walikuwa watu wenye sauti kubwa, na askari wetu watafurahi kujua kwamba bendi za shaba za kijeshi zilinaswa vyema kuliko ala laini, kwa kuwa fidla ilinong'ona ambapo tarumbeta ilipiga kelele. Bendi ya John Philip Sousa, aliyekuwa kiongozi wa bendi ya wanamaji wa Marekani, ni miongoni mwa zilizonaswa katika sahani za Berliner.

Na muhuri nao ulichakaa. Ulipochakaa, au ulipopasuka, mwimbaji aliitwa tena aimbe wimbo uleule, na herufi ikaongezwa baada ya namba ya sahani ili fundi ajue ni mnaso upi. Twaipenda herufi hiyo ndogo. Ni kama afisa aandikaye katika kitabu cha kituo kwamba taarifa ya kwanza ilifutwa na hii ni ya pili. Haifichi kwamba kazi ilirudiwa.

Sahani zake za kwanza kuuzwa zilikuwa kitu cha kuchezea watoto, zilizotengenezwa Ujerumani tangu mwaka 1889 hivi. Biashara kamili ilianza Marekani mwaka 1894, kwa sahani za mpira mgumu. Hapo ndipo alipopata kipigo. Muhuri ulikuwa mzuri, lakini mpira haukuwa mwaminifu. Ulipogandamizwa, gesi ilinaswa ndani yake, na pakatokea sehemu bapa ambapo mfuo haukuchapika kabisa. Sindano ikifika hapo iliruka, na wimbo ukakatika. Fikiria uchungu wa fundi ambaye sahani mama yake haina kosa, na bado wateja wanarudisha bidhaa. Mwingine angemlaumu mnunuzi. Yeye alitafuta hadi akaipata kampuni moja huko Newark iliyotengeneza vifungo na vitu vya umeme kwa mchanganyiko wa utomvu unaotolewa na wadudu wadogo wa India, jamii ya kitu kilekile kinachotumika katika lakiri ya kufungia barua za siri. Aliwapelekea muhuri wake wajaribu. Lakiri huipokea alama ya pete hata mstari mdogo kabisa, na mchanganyiko huo uliipokea sauti vivyo hivyo. Tangu mwaka 1895 mpira uliachwa, na dunia nzima ikatumia mchanganyiko wa namna hiyo kwa zaidi ya miaka hamsini.

Ikabaki taabu ya mzunguko. Gramafoni za kwanza zilizungushwa kwa mkono, kiasi cha mizunguko 70 kwa dakika, na mkono ukichoka mwimbaji wa kiume aligeuka jitu na wa kike akawa mwanamume. Fundi wa mashine kutoka Camden, Eldridge Johnson, alimtengenezea mota ya springi mwaka 1896. Johnson hakuishia kwenye mota. Alipozisikiliza sahani kwa makini alitambua kwamba mkwaruzo uliosikika chini ya kila wimbo ulitokana na asidi yenyewe, ambayo haikati kwa ulaini wa kisu bali hutafuna, ikaziacha kuta za mfuo na meno madogo madogo. Kwa siri alianza majaribio ya kukata mfuo moja kwa moja katika nta nene, kisha kuifanya nta ipokee umeme ili ipakwe chuma. Kufikia mwaka 1900 alikuwa amefaulu, na sahani zake zilisikika safi kuliko zile za mtu aliyevumbua gramafoni.

Hapa twamheshimu Berliner kuliko mahali pengine popote. Njia ya zinki na asidi ilikuwa mtoto wake. Aliichagua, pamoja na mambo mengine, kwa sababu hati ya mwaka 1886 ya watu wengine ililinda njia ya kukata nta, naye hakutaka kukanyaga shamba la jirani. Hata hivyo, njia ya nta iliposhinda hakuing'ang'ania zinki. Masikio yake yalimwambia ukweli naye akaukubali.

Wakati huohuo sheria ilimwangukia. Mwaka 1896 alikuwa amempa Frank Seaman wa New York haki ya peke yake ya kuuza gramafoni nchini Marekani. Walikosana juu ya fedha, Seaman akageukia chombo kingine cha kushindana naye, na mwezi wa Juni 1900 mahakama ikamkataza Berliner kuuza gramafoni zake Marekani. Mtu aliyevumbua chombo akazuiwa kukiuza katika nchi alikokivumbulia! Alihamishia biashara yake Montreal, Kanada, akauendeleza huko. Johnson naye alianzisha kampuni ya Victor mwaka 1901, ambayo ilirithi kazi na hati za Berliner huko Marekani. Mwaka 1900 Berliner alikuwa pia amesajili alama iliyotokana na picha ya mchoraji Francis Barraud wa Uingereza, picha ya mbwa akisikiliza sauti ya bwana wake katika pembe. Mbwa huyo amejulikana duniani kuliko Berliner mwenyewe.

Mbegu nyingine alikuwa ameipanda Ulaya. Mwaka 1898 kampuni ya gramafoni ilianzishwa London, na mwaka huohuo, pamoja na ndugu yake Joseph, akafungua kiwanda cha kuchapia sahani katika mji wao wa Hanover. Alimtuma London kijana mpiga piano aliyemfundisha kazi, Fred Gaisberg, na mabamba yaliyonaswa London yalipelekwa Hanover kuchapwa. Mwaka 1902 Gaisberg alifika Calcutta, akanasa waimbaji wa India, na sahani mama za nta zikavuka bahari hadi Ujerumani kabla ya kurudi India zikiwa santuri. Kwa njia hiyo kazi ya Berliner ilitukaribia sisi wenyewe. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja alisafiri na wenzake hadi Bombay, akaimba kwa Kiswahili mbele ya mafundi wa kampuni hiyohiyo, na santuri zake zikarudi pwani ya Afrika Mashariki zikiwa na picha ya yule mbwa. Sauti ya Siti ilizimika mwaka 1950 alipofariki. Tunachoweza kusikia leo kimetoka katika sahani mama zilizokatwa siku hizo, na kama fundi wa Bombay angekuwa mzembe wa vumbi, hakuna ambaye angeweza kumwita Siti arudie.

Berliner hakukaa tu akihesabu fedha. Binti yake mchanga aliugua vibaya tumbo, naye akaanza kupigania maziwa yaliyochemshwa kwa kiasi kifaacho kuua vijidudu, akaandika na kusema hadharani hadi watu wakamwona msumbufu. Mwaka 1908 alitoa fedha za kuwasomesha wanawake watafiti wa sayansi, kwa jina la mama yake Sarah. Pamoja na mwanawe Henry alijenga vyombo vya kupaa wima, na kati ya mwaka 1922 na 1924 Henry alivirusha huko College Park, Maryland, mbele ya maofisa wa majeshi ya Marekani. Havikupaa juu sana. Lakini askari wa leo ashukaye kutoka katika helikopta ajue kwamba jina la Berliner limo pia katika ukoo wa chombo hicho.

Katika mwaka wake wa mwisho Taasisi ya Franklin, ileile aliyoionyesha gramafoni miaka 41 nyuma, ilimtunukia nishani yake kubwa. Alifariki Washington tarehe 3 Agosti 1929, akiwa na miaka 78. Mwaka 1982, karibu na Hanover, kiwanda kilichotokana na kile cha ndugu wa Berliner kilianza kuchapa sahani za kompakti kwa ajili ya kuuzwa. Huko mwali wa leza uliandika sauti juu ya kioo bapa, kioo kikapakwa chuma, na chuma kikawa muhuri. Na wafanyakazi walivaa nguo za kufunika mwili wote, kwa ajili ya vumbi.

Kabla ya kufa Berliner alikuwa ameacha maagizo kwa jamaa zake. Hakutaka mazishi ya gharama. Aliomba binti yake apige piano, na akina mama maskini wenye watoto wachanga wapewe fedha.